Nilivyochimbia bikoni ya hifadhi kwenye viazi vya mama mdogo

Kamwene wakuu. Haya yalinipata mwenyewe, na sehemu niliyokosea sijaificha.

Mimi ni fundi ujenzi, nakaa Makambako. Miaka michache nyuma nilipata kibarua cha kusimika bikoni, zile nguzo fupi za zege, za mpaka wa hifadhi moja ya wanyamapori upande wa Makete, si mbali na Ipelele.

Kwa wasiojua, hifadhi ile si mpya. Mpaka uliwekwa enzi za mababu kwa marundo ya mawe. Baadaye watu wakaongezeka, tohe, wale swala wa nyasi ndefu, wakapungua, mawe yakahamishwa. Sisi tulikuwa tunarudisha mstari uleule wa zamani.

Mama yangu mdogo, mjane, anaishi kijiji cha jirani. Nikafikia kwake.

Siku ya tatu mpimaji akanionyesha kwenye ramani tutakakopita kesho yake. Mstari ulikata shamba la mama mdogo, karibu nusu.

Jioni akaniwekea ugali na maharage.

"Kazi inaendaje, mwanangu?"

"Inaenda, mama."

Nikala, nikalala. Nilijipa moyo kwamba labda GPS itasoma tofauti.

Haikusoma tofauti. Asubuhi tukamkuta anapalilia viazi. Mpimaji, nilipomwambia kuwa ni kwetu, akasema nipumzike hiyo moja. Nikakataa, nikachimba shimo mwenyewe. Hadi leo sijui nilitaka kumwonyesha nani nini.

Mama mdogo hakugombana na mtu. Alimwambia askari wa hifadhi tuliyeongozana naye, "Rundo la mawe lilikuwepo. Marehemu mume wangu ndiye aliyeliondoa."

Akaruhusiwa kuvuna msimu ule, asipande tena.

Kisha akanigeukia. "Wewe ulijua lini?"

"Jana."

"Kabla ya kula au baada ya kula?"

"Kabla, mama."

Akaendelea kupalilia.

Wakati wa mavuno nilienda na mke wangu tukamsaidia siku tatu. Sasa upande wa hifadhi nyasi zimefunika matuta, na tohe wanaonekana asubuhi.

Nikienda ananipikia kama zamani. Ila nikimuuliza habari za pale nyumbani ananijibu, "Utaziona mwenyewe."

Nilichojifunza: shamba alikuwa tayari kuliachia, kilichomuuma ni mimi kumficha. Habari mbaya ya mtu mpelekee siku hiyohiyo, hasa kama unalala kwake.

Ninyi mngemwambia palepale kwenye ugali? Na mimi nifanye nini ili aanze tena kunisimulia mambo yake? Nawasoma.