Moto wa Otsune Langoni

Mwaka wa sita wa enzi ya Meiji, Mfalme wetu mpya, Otsune alikuwa na wafu wawili wa kuwakaribisha nyumbani, na hakuwa na mtu hata mmoja aliye hai. Mumewe Kansuke alikuwa na miaka minne kaburini. Binti yao pekee, Osato, alikufa kwa homa Machi ya mwaka ule ule, huko kiwandani alikosokota hariri.

Kila mwaka wafu hurudi kwa siku tatu, nasi huwasha mabua ya katani langoni waone njia. Siku yenyewe tuliijua kwa kuutazama mwezi. Lakini Mfalme mpya na watu wake walitaka kila kitu kipya: nywele zikatwe, askari wavae suruali, siku zihesabiwe kwa jua kama za Wazungu. Mwezi wa kumi na mbili ukakatwa siku ya pili, kulipokucha tukaambiwa ni mwaka mpya. Hata mchele wa sikukuu hatujautwanga!

Sasa mkuu wa kijiji akatangaza mioto iwashwe Julai kumi na tatu, kwa hesabu mpya. Otsune akagoma.

"Mama Osato, washa basi!" jirani yake Okiyo alimpigia kelele. "Mumeo atapitiliza kwa mjane mwingine!"

"Huyo? Kafa kabla ya upuuzi huu. Nani kampelekea habari huko?"

Akafunga milango, akakaa gizani siku zote tatu.

Karibu miezi miwili baadaye, mwezi ulipokaribia kutimia kwa hesabu ya zamani, aliwasha moto wake, peke yake kijiji kizima. Alipika wali, akaandaa mabakuli mawili. Alikuwa na furaha, masikini.

Okiyo akaja, akachuchumaa kando ya moto.

"Kansuke atakuwa amefika. Osato je?"

"Si wanakuja pamoja?"

"Mwenzangu, Osato alikuwa mtu wa kengele ya kiwanda na hesabu mpya. Alikuwa akitucheka sisi wa kuhesabu mwezi."

Otsune aliacha kuchochea.

"Julai ile nilimwita kwetu," Okiyo alisema taratibu. "Nikamwambia, mwanangu, mama yako kalala, njoo ule hapa. Nikamwekea biringani."

Otsune aliinama kushukuru, na hakuweza kuinuka. Mtoto wake alirudi, akakuta giza, akala kwa jirani. Naye mama mtu alikuwa mumo humo ndani, macho makavu, akisikia nyumba ya Okiyo ikicheka.