Sakafu ya Bi Zuwena

Harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji hukwangua koo, na watu wengi huikimbia. Mimi huisogelea. Nikiinusa tu narudi Wete, kwenye nyumba ya bibi yangu, Bi Zuwena, miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili, nikiwa msichana mdogo mwenye magoti meupe kwa vumbi la chokaa. Nyumba ilikuwa ya mawe, babu yangu aliijenga, na paa lake lilikuwa sakafu bapa ya chokaa iliyolazwa juu ya boriti za mikoko. Masika ya mwaka uliotangulia ilivuja hata tukalala katikati ya masufuria.

Ami Seif, mdogo wake baba, mtu mwema lakini mwenye pupa, alitaka tuibomoe sakafu tuezeke mabati. Bibi alimtazama kama aliyetukanwa. "Nikae chini ya mabati nikaangike kama andazi? Mie sitaki, mwanangu." Ami akajibu kwa adabu, "Mama, masika yakitukuta hivi, kuta zitatuangukia." Na kweli yalikuwa karibu. Wakakubaliana: sakafu mpya ikikamilika kabla ya mvua, itabaki, isipokamilika, mabati.

Shida ilikuwa mikono. Sakafu ya chokaa hupigwa kwa vipande vya mti, watu wamejipanga safu, mfululizo, mpaka ishikane. Ukiiacha ikauke kabla ya hapo, hupasuka na kazi yote imepotea bure. Mwaka ule karafuu zilichelewa, na nusu ya mji ilikuwa mashambani kule Ole ikichuma. Bibi akapita mlango kwa mlango akiwaomba wanawake waliobaki. Akaja jirani yetu Bi Mize, ambaye wazee wake walitoka bara, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na wengine wachache nyuma yake.

Kazi ile haifanywi kimya. Bi Mize alianza kuimba nyumba za mji, moja baada ya moja, nasi tukaitikia kwa mapigo ya vipande. Aliimba nani alichimba kisima cha msikiti, mlango upi ulichongwa na fundi aliyekuja kuoa akasahau kurudi kwao. Akawaimba pia wazee wake mwenyewe, waliobebeshwa mawe ya majumba yale na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Nilimwangalia Bibi, maana majumba yale yalikuwa ya watu wetu. Aliinamisha kichwa, akaitikia kwa nguvu kuliko sote. Mambo hayo shuleni sikuwahi kuyasikia.

Alasiri mikono ilianza kulegea, na upande wa kibla chokaa ilikuwa inaanza kukauka. Niliogopa sana, nilikwisha kuyasikia mabati yakilia kichwani mwangu. Ami Seif alikuwa uani, amefumbata mikono, akitusubiri tushindwe. Bi Mize akachungulia chini, akaimba:

"Seif ulo chini, babako kaungua tanurini,
chokaa yake i juu, nani ataishindilia?"

Wanawake wakacheka, wakarudia, wakarudia tena. Ami alikuwa hajui kwamba kovu la mkono wa baba yake lilitokana na kuchoma chokaa ya nyumba ile. Akapanda ngazi na viatu vyake vya ofisini, akashika kipande. Magharibi ilipoadhiniwa, sakafu ilikuwa imeshikana. Masika yakaja, na masufuria yakabaki jikoni.

Leo Wete imejaa mabati, wala simlaumu mtu. Mikono ya kupiga sakafu haipatikani kirahisi. Lakini yetu ipo, na kila ikihitaji kupigwa nawaita watoto wa mtaa, nawafundisha nyumba zao kwa wimbo. Safari iliyopita kitukuu wa Bi Mize alianzisha ubeti nisiomfundisha. Alimwimba Bi Mize, akamwimba Bi Zuwena, akamwimba na Seif aliyepanda na viatu. Kipande kikaniponyoka, nikakaa pale pale nikalia. Yule mtoto hakunionea huruma hata kidogo. "Bibi, inuka," alisema. "Chokaa inakauka."