Saa Moja Angani, Songwe hadi Dodoma

Kutoka uwanja wa ndege wa Songwe hadi ule wa Dodoma ni takriban kilomita mia nne kwa mstari ulionyooka. Niliupima umbali huo mwenyewe kwa uzi juu ya ramani, mara tatu, na kila mara furaha ilinipanda: barabara inayozunguka kupitia Iringa hula siku nzima, ilhali ndege ingetufikisha kwa muda wa saa moja hivi.

Saa hiyo moja tuliihitaji sana. Wageni wa posa ya binti yangu walitazamiwa Dodoma, nyumbani kwa mjomba wake, saa kumi alasiri, na katika ukoo wetu baba wa binti hana la kusema siku hiyo. Shangazi ndiye anayemwuliza binti kama anawajua wageni. Asipokuwapo, wageni hunywa chai na kurudi walikotoka. Shangazi mwenyewe ni dada yangu mkubwa, muuza vitenge wa Tunduma, ambaye hakuwa amepanda ndege maishani mwake.

Nilitoka kwangu Vwawa siku iliyotangulia nikalala kwake, hatua chache kutoka mpakani, ili safari yote ifuate hesabu yangu: kuondoka saa tano, kuruka saa nane, kutua saa tisa.

Asubuhi nilikaa barazani nikiipitia tena hesabu hiyo, simu mkononi, moyo ukinienda mbio kama wa mtoto siku ya sikukuu. Dada akatoka, kilemba kimesimama.

"Mdogo wangu, ndege inakuja kutuchukulia hapa barazani?"

"Tulia, dada. Bado dakika tano itimie saa tano."

Akaitazama simu yangu, kisha saa yake ya mkononi, akajipiga paja.

"Msomi wewe! Simu yako imeshika mtandao wa Nakonde. Hiyo saa ni ya Zambia. Huku kwetu ni saa sita kasoro dakika tano!"

Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na hakuna mfanyabiashara wa Tunduma anayeiamini saa ya simu. Mimi tofauti hiyo niliijua vitabuni tu.

Foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara hadi Mpemba. Dada aliita bodaboda mbili, akapanda ya mbele, begi mapajani, akanigeukia akicheka.

"Haya, na hii ipime kwa uzi!"

Mpemba tulipata teksi. Vwawa ikapita, Mlowo ikapita, nami sikuthubutu kuuliza saa.

"Mngechelewa dakika tatu, mama, mngenikuta nimefunga," alisema mhudumu wa kaunta uwanjani Songwe akipokea tiketi.

Ndege ilipoinuka, dada aliukamata mkono wangu, kisha akausahau, kwa maana milima ya Mbeya ilikuwa chini yetu, naye alitaka dirisha lote liwe lake. Kwa saa yake nilihesabu dakika hamsini na nane tangu magurudumu yaiache ardhi hadi yalipoigusa tena. Nilitamani kupiga kelele.

Saa kumi kasoro robo tuliingia uani kwa mjomba. Wageni walipokwisha kuketi, dada akasimama mbele ya binti.

"Mwanangu, wageni hawa unawajua?"

Binti aliinamisha uso, akajibu kwa kunong'ona.

"Nimepita juu ya mawingu kulifuata jibu hilo. Liseme walisikie!"

"Nawajua, shangazi!"

Vigelegele vikapasuka, nami nisiye na ruhusa ya kusema nikajikuta nimesimama, nikishangilia kuliko wote.