Mamluki wa Timu ya Chuo

Mwaka 1983, shida ilipoingia kwetu, nilikuwa na miaka kumi na tano. Juzi, ndugu yangu, nimepita Raskazone nikawaona vijana wa chuo wakifanya mazoezi, viatu vina rangi kama kasuku. Nikasimama, miguu inacheza yenyewe.

Shule niliiacha darasa la nne. Nilikaa na bibi Ngamiani. Dukani hakuna sukari, hakuna sabuni, unga ukisikika umeshuka mahali watu mbio. Lakini mpira nikiujua, sisemi uongo. Mwalimu wa michezo wa chuo kimoja njia ya Pongwe akaniona nikiwapiga chenga wakubwa, akaniambia, "Njoo utuchezee mashindano ya vyuo. Maadamu timu haijatolewa, utakula bwaloni." Ndiyo nikawa mamluki, mwanafunzi wa jezi tu.

Basi kila tukishinda, naendelea kula. Ugali wa yanga, yale mahindi ya manjano ya msaada, unanuka gunia, na maharage yenye wadudu. Nusu nala, nusu nafunga kwenye jani la mgomba nampelekea bibi. Anakula huku ananisema: "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mjukuu wangu." Baina ya mechi na mechi sikuwa na utulivu. Nikiketi, nainuka. Nikilala, nacheza.

Tatizo wenzangu walikuwa watu wazima, wengine wana ndevu, nami nimelelewa na bibi. Kila asubuhi nawaamkia.

"We mtoto, usituamkie!" nahodha ananikaripia. "Wanafunzi hawaamkiani. Sema 'vipi', basi!"

Tukafika nusu fainali. Nahodha alikuwa na homa, akachelewa. Tumekwisha kujipanga, wapinzani mbele yetu, mara huyo anakuja na jezi yake. Kwa furaha nikamkimbilia, nikamshika mkono.

"Shikamoo, kaka!"

"Marahaba," akajibu, kisha akafumba macho.

Mwalimu wa wapinzani akaangua kicheko. "Ehe! Mwanafunzi gani anamwamkia mwenzake? Refa, huyo mamluki!"

Mashabiki wakadaka: "Mamluki! Rudi kwa bibi yako ukanyonye!"

Nikavuliwa jezi palepale, chuo kikatolewa bila kugusa mpira. Nikarudi Ngamiani kifua wazi.

Nilidhani bibi atalia, maana ugali ndio umekwisha. Akacheka hadi akakaa chini. "Afadhali wewe umefukuzwa kwa adabu. Wenzio wanafukuzwa kwa wizi." Kisha akachemsha muhogo mmoja, tukagawana.

Mpira nikauacha. Nilibeba mizigo sokoni, na serikali ilipokuja kufungulia biashara nikauza mitumba. Bibi hakuifikia siku hiyo. Uwanja ule umejaa nyumba. Wale wenye ndevu, nikiwauliza, naambiwa marehemu, marehemu.

Leo nina nyumba ya matofali Pongwe, mashine mbili za kusaga, ng'ombe wa maziwa, shamba la michungwa Muheza, na ghala la mahindi ambalo ufunguo wake nalala nao mwenyewe.