Mkaguzi Mkuu wa Simu

Mafundi wengine wakishakaza skrubu ya mwisho humpigia mteja aje achukue simu yake. Fundi Waya, thubutu! Simu haikurudi kwa mwenyewe mpaka ilale kwanza kwa binti yake. Jioni aliitoa mfukoni akamkabidhi: cheza video, piga muziki, angalia chaji inakaa mpaka lini. Asubuhi binti alitoa ripoti. "Baba, hii inapata moto. Hii spika inakwaruza." Na haki ya nani, hakukosea! Baba akamwita Mkaguzi Mkuu, akamsifu mtaa mzima, na mtoto kichwa kikamvimba. Kazi hiyo aliianza ana miaka kumi. Sasa alikuwa na kumi na minne.

Siku moja mwalimu wa darasa akamwita fundi shuleni.

"Mzazi, mtoto anasinzia darasani. Nikimpa ukurasa asome, akifika katikati hajui juu palisema nini. Akiendelea hivi, wenzake watapanda darasa, yeye atabaki."

Yeye huyo, aliyekuwa anameza vitabu! Fundi akarudi nyumbani amefura, mkanda mkononi. Mkewe akamzuia mlangoni.

"Hebu tulia, baba. Huyo si mvivu. Mpeleke kwa daktari."

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, aliuliza swali moja tu: "Unalala saa ngapi, binti?"

"Betri ikiisha," mtoto akajibu, bila hata kufikiri.

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Daktari akamgeukia.

"Ubongo wa rika hili bado unajengwa, na ile sehemu ya kutulia na kujizuia ndiyo humalizika mwisho. Usingizi unausaidia ujenzi huo, nanyi mmemnyima. Mawimbi ya simu bado wataalamu wanayachunguza. Sitakutisha kwa nisilolijua. Lakini usingizi naujua."

"Atarudi kama zamani?"

"Bado mdogo, ana nafasi. Ila anzeni leo, si kesho."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Njia nzima mtoto alitembea nyuma ya fundi akipiga miayo.

Jioni ile alifunga duka na simu zote zikabaki ndani. Binti alimpokea kama kawaida, mkono ameunyoosha.

"Za leo ziko wapi?"

"Hakuna kupima tena, mwanangu."

"Kwani nilikosea ripoti?"

"Hata moja hukukosea."

"Sasa mbona unanifukuza kazi?"

Fundi alianza kucheka, kisha akaona machozi. Alimkalisha mkekani, naye akakaa. Mama aliwaletea chai, akawaacha. Vidole vya mtoto vilipapasa goti, vikitafuta kitu cha kubonyeza.

Dukani fundi huyu ana mdomo kama cherehani. Wateja humwomba apumue. Sasa alitafuta neno la kumwambia binti yake lisilohusu betri, kioo wala spika. Akatafuta wee, hakulipata. Miaka yote ile, jioni zote zile, hawakuwahi kuongea jingine.

Chai ilipoa. Binti akafuta pua kwa mkono, akamtazama.

"Baba, watu wasiokuletea simu, huwa unaongea nao nini?"

"Sijui, mama," akasema, na ilikuwa kweli.