Ugali wa Tarehe Ishirini na Tatu

Mume wangu alizikwa Jumamosi, tarehe 23 Agosti, miaka kumi na mmoja iliyopita, katika ardhi ya mawe. Anayeujua mtaa wetu wa Igogo hahitaji maelezo: nyumba zetu zimekaa juu ya miamba, na anayetaka kumzika mtu wake jirani na nyumbani lazima aivunje. Wanaume tisa wa mtaa walichimba kwa nyundo na tindo kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumamosi saa saba mchana. Mmoja wao alipondeka kidole gumba. Jeneza lilisubiri, na mimi nilisubiri nikisikiliza chuma kikigonga jiwe. Hakuna aliyedai chochote. Walipokuja kunawa mikono, niliwaambia mbele ya watu kwamba kila mwaka, tarehe hiyo hiyo, watakula ugali nyumbani kwangu, nitakaousonga kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa miaka tisa sikukosa. Ugali wenyewe ni wa muhogo, kwa kuwa ndio aliokuwa akiupenda marehemu, na aliyewahi kuusonga anajua kwamba si kazi ya mchezo. Unavuta kama ulimbo, mwiko unakwama, na ukilegea kidogo tu madonge yanajificha ndani yake na kumngojea mlaji. Ugali wa watu wawili unasongwa kwa kiwiko. Ugali wa wanaume tisa unasongwa kwa mgongo, kwa bega na kwa kwapa.

Kwapa ndilo nililopungukiwa. Alhamisi, tarehe 18 Januari mwaka jana, niliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Zikafuata dawa za dripu, Februari hadi Juni, kisha mionzi, niliyoimaliza Ijumaa, tarehe 6 Septemba. Nazitaja tarehe hizi kwa sababu nilijifunza kuandika nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, katika darasa la watu wazima, na kila kipindi kilianza kwa tarehe ubaoni. Tangu hapo jambo lisilo na tarehe naliona kama uvumi.

Agosti ya mwaka jana ilinikuta katikati ya mionzi. Wifi yangu, mdogo wa marehemu, anayeishi upande wa Sengerema, alivuka ziwa akaja kusonga badala yangu. Nililikubali hilo bila kinyongo. Mgonjwa ni mgonjwa. Lakini mwaka huu mimi si mgonjwa. Ndivyo kila mtu anavyoniambia.

"Umepona, mama. Mshukuru Mungu."

Namshukuru. Ila nikishamaliza kumshukuru, bado nashindwa kufunga kilemba changu. Gauni la kuvaliwa kupitia kichwani linanikwama usoni, nabaki nimesimama chumbani kama mtu aliyefunikwa gunia, mkono mmoja juu na mwingine umegoma. Kipande cha kanga ninachokikunja na kukitia upande wa kulia ili nguo ikae sawa hupanda taratibu, na nikifika sokoni kimeshafika kwenye mtulinga. Ngozi ya upande wa ndani wa mkono, kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, haina hisia. Ukinigusa hapo, ni kama umemgusa mtu mwingine. Na mkono wenyewe unavimba. Asubuhi unakuwa na nafuu, kufikia saa kumi jioni umejaa kama umepuliziwa hewa. Nimepewa soksi ndefu ya kubana, inayoanzia kiganjani na kuishia begani, niivae mchana kutwa. Aliyeibuni hakuwahi kukaa mbele ya jiko la mkaa.

Katika hali hii hakuna anayejua aniite nani. Nikisema naumwa, nakumbushwa waliokufa. Nikisema sijambo, natwishwa ndoo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole, kama buibui, hadi pale bega linapokataa. Nilichukua penseli nikawa natia alama ukutani, pembeni ya mlango wa chumba, kila Jumatatu, na tarehe yake. Tarehe 3 Machi, usawa wa kidevu. Tarehe 7 Aprili, usawa wa paji la uso. Tarehe 12 Mei nilirudi kwenye pua. Hakuna aliyenieleza sababu. Nilifanya mazoezi yale yale, kwa idadi ile ile, nikashuka kwa upana wa kiganja. Nilimwonyesha mtaalamu kwa ishara mahali nilipofika na nilipoangukia, akasema ndivyo ilivyo, panda shuka. Sikuipenda kauli hiyo. Maisha yangu yote nimepanda kwa kujitahidi, na nilipojitahidi sikushuka.

Kwa hiyo mwezi wa Juni nilianza mazoezi yangu mwenyewe, bila kumwambia mtu. Nilisonga ugali wa muhogo wa watu wawili. Julai nikasonga wa watu wanne, nikapumzika mara tatu. Jumanne, tarehe 5 Agosti, nilibandika sufuria ya watu sita. Kulikuwa na joto, nyumba ilikuwa tupu, nikavua soksi ya mkono na kujifunga kanga kifuani. Nilisonga hadi mwisho. Bega liliuma, lakini ugali uliiva, ukawa laini, nikaukata kwa mwiko na sikuona donge hata moja. Nilikaa chini nikautazama kwa fahari.

Nilipokwenda kuoga ndipo nilipoona. Muhogo ukichemka hurusha matone mazito, na tone moja lilikuwa limetua upande wa ndani wa mkono, pale pasipo na hisia. Lilikuwa limekaukia hapo. Nilipolibandua, ngozi ilitoka nalo. Sikuhisi chochote, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi ya jeraha: mwili wangu uliungua jikoni kwangu bila kunipa taarifa.

Nilijua nimekosa. Nilikuwa nimeonywa wazi kwamba mkono huo usichomwe sindano, usifungwe mashine ya presha, usikatwe na usiungue; niutunze kama mtoto mchanga. Mtoto mchanga hasongi ugali, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimeamua kutoyasikia maneno hayo. Nilipaka mafuta, nikafunika kwa kitambaa, nikanyamaza. Ijumaa, tarehe 8, niliamka natetemeka, mkono mwekundu, wa moto, umevimba hadi kwenye vidole. Nilikwenda zahanati nikiwa nimeshikilia mkono wangu kama mzigo wa mtu.

Muuguzi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliutazama muda mrefu.

"Mama, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napika."

"Ulikuwa unampikia nani? Kikosi?"

"Watu sita."

"Na hao sita hawakukuona unaungua?"

"Hawakuwepo. Nilikuwa najaribu."

Aliacha kuandika. "Kwa hiyo umeungua kwa ajili ya watu ambao hawapo."

Ugali ule nilikuwa nimeula siku mbili peke yangu, uliobaki nikawapa kuku wa jirani. Nilipewa dawa za kumeza za siku kumi na kuagizwa nisiinue hata kikombe kwa mkono huo. Nilihesabu vidole vya mkono wa pili: zilibaki siku kumi na tano kabla ya tarehe 23.

Homa ilishuka. Uvimbe haukushuka. Tarehe 18 nilijaribu kushika mwiko mtupu, bila sufuria wala moto, na vidole vikashindwa kuufumbata. Nilikaa kitandani na mwiko ule mapajani, nikiwaza jinsi ya kusema jambo ambalo sikutaka kulisema kwa mtu yeyote.

Wifi yangu alifika Ijumaa, tarehe 22, saa tatu asubuhi. Zamani, mgeni wa kutoka Sengerema alipokwambia anakuja, ulikuwa na nafasi ya kufagia, kupika na kupanga uso wako. Kivukoni Busisi palikuwa na foleni, kivuko kilikuwa ng'ambo, na ukiwa na bahati angefika alasiri. Siku hizi kuna daraja. Aliingia nikiwa bado sijafunga kilemba, na kanga ya upande wa kulia ipo kitini.

Alitua mzigo wa unga, akanitazama mkono, akaketi.

"Wifi, huo mkono au mguu?"

"Umeungua kidogo."

"Umeungua kidogo ukavimba sana." Alikivuta kilemba mikononi mwangu, akanifunga kichwani kwa mizunguko mitatu, vizuri kuliko ningejifunga mwenyewe. "Basi kesho nasonga mimi. Kama mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa hospitali."

"Na mwaka huu uko nyumbani na mkono wa hospitali. Tofauti iko wapi?"

Nilimweleza kwamba niliahidi mbele ya watu, na nilisema kwa mkono wangu mwenyewe. Alinisikiliza akichambua mboga, kisha akatoa shauri lake kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia niongeze chumvi.

"Nitasonga kabla hawajaja. Wakiingia watakukuta umesimama na mwiko. Nani atauliza?"

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilikubali.

Jumamosi tulibandika saa sita. Sufuria ya watu wengi haitulii yenyewe. Mmoja anasonga, mwingine anaikamata isizunguke. Katika nyumba yangu kazi ya kukamata sufuria hupewa binti anayejifunza. Siku hiyo niliifanya mimi. Nilikaa kwenye kigoda, nikakanyaga kipande cha mti kilichozuia sufuria upande mmoja, na upande wa pili nikashika mpini kwa kitambaa, kwa mkono wa kushoto. Wifi alisonga juu ya kichwa changu.

"Unga umezidi," nilisema.

"Haujazidi."

"Umezidi, na hujavunja upande wa huku."

"Wifi, shika sufuria."

Nilishika sufuria. Niliona donge likipita, likazama, na mkono wangu wa kulia ukajivuta wenyewe kuelekea kwenye mwiko kabla maumivu hayajaurudisha mahali pake.

Wachimbaji walikuja saa saba. Kati ya wale tisa, wawili wamefariki na mmoja amehamia Geita, hivyo waliingia sita. Mkubwa wao ni fundi mawe, ndiye aliyepondeka kidole gumba, na ukucha wake uliota umepinda. Waliponiona nimesimama kando ya sufuria, mwiko ukiwa mkononi, mkono wa kushoto, kanga imeufunika wa kulia, walitoa heshima zao mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama amerudi jikoni," alisema fundi. "Mwaka jana tulikula tukiwa na wasiwasi."

Walinawa, wakaketi kwenye mkeka, sahani ya ugali na sinia la sato likawekwa katikati. Wifi alinitazama kwa pembeni, ameridhika. Fundi alimega, akachovya, akatafuna polepole kuliko kawaida, akameza.

"Ugali wa mama haujabadilika," akasema.

Wengine wakaitikia kwamba haujabadilika. Nilisimama nikipokea sifa hiyo, na kila aliyeirudia aliniongezea uzito. Kama walikuwa wanasema kweli, basi miaka tisa ya bega langu haikuwa na tofauti na mkono wa mtu yeyote mwenye mwiko. Kama walikuwa wananidanganya, basi nilikuwa nimeshageuka mtu wa kudanganywa kwa upole, na hilo sikuwa tayari kulibeba.

"Sikusonga mimi," nikasema. "Amesonga wifi yangu. Mimi nimeshika sufuria. Mkono huu hauwezi."

Nikaufunua. Walitazama, kisha wakaacha kutazama. Aliyekuwa anachambua mwiba aliendelea kuuchambua ingawa ulikwisha kutoka.

"Tunajua, mama," alisema fundi. "Ugali una madonge."

Mmoja alicheka, akajizuia, wengine wakashindwa kujizuia.

"Mwaka jana pia yalikuwepo," alisema mwingine. "Mimi nilipata moja kama kokoto."

"Madonge gani?" Wifi alitoka jikoni na bakuli la mchuzi. "Nyinyi mliovunja mwamba siku mbili mnaogopa donge la muhogo?"

"Dada, mwamba tulikuwa na tindo."

Sikucheka. Niliwaambia kwamba niliahidi, na sijatimiza, na kwamba sijui kama mwakani nitaweza, kwa kuwa hakuna hata mmoja hospitalini anayenipa tarehe. Huenda mkono ukarudi. Huenda ukabaki hivi hadi nitakapokufa. Nilisema nataka walijue hilo sasa, wasije mwakani wakidhani watakuta kitu kingine.

Fundi alisubiri nimalize. "Kwa hiyo tusile?" aliuliza. Kisha akasogea, akapata nafasi ya mtu mmoja kati yake na mwenzake. "Mama, miaka yote hii hujawahi kukaa. Unasonga, unapakua, unasimama mlangoni kutuhesabu. Leo huna kazi. Kaa ule."

Lilikuwa jambo la kweli, na liliniudhi. Nilikaa kwa sababu kusimama pale bila mwiko kulikuwa kugumu zaidi. Nyumbani, nikiwa peke yangu, tangu tarehe 8 nilikuwa nakula kwa kijiko. Hapa sikuomba kijiko, na mkono wa kushoto haukuwa wa kupeleka kwenye sahani ya watu. Niliunawisha wa kulia, nikautia sahanini. Vidole vilikuwa vinene na vigumu. Kidole cha pete hakikukunjika kabisa. Tonge la kwanza lilivunjika kabla halijafika kwenye mchuzi. La pili lilifika, likaangukia kwenye sato. Hakuna aliyenisaidia wala aliyeyageuza macho. Fundi alisogeza sahani kwa upana wa kidole, ikawa karibu nami, akaanza kuwaeleza wenzake habari za jiwe la msingi huko Buhongwa.

Nilikula matonge manne. Niliyaviringa mwenyewe, na halikunifurahisha hata moja.