Kifungo cha Juu

Kila asubuhi Mama Kijiti alipiga goti mlangoni na kumfunga binti yake kifungo cha juu. Kwanza alipitisha kidole kati ya kola na shingo, ahakikishe mtoto anapumua, kisha akafunga, kisha akaipigapiga kola kwa kiganja. Jua liwake, mvua inyeshe, kifungo hakikosi. Watoto wengine kola zao zililala kama masikio ya mbuzi. Ya Kijiti ilisimama, maana mama yake alikuwa fundi cherehani, na ndani alitia kitambaa kigumu.

Chini ya kola hiyo, katikati kabisa ya koo, palikuwa na uvimbe. Ulitokea baada ya mafua, mdogo kama harage, mama akasema utashuka wenyewe. Haukushuka.

Karakana aliyoshonea ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na pindo. Siku alipouona uvimbe alicheka kwanza, kisha akasema kwao hajapata kuonekana mtu wa kuota kitu shingoni, labda Mama Kijiti akaulize kwa ndugu zake. Mafundi wengine wakainama na kukanyaga vyerehani kwa nguvu, wasionekane wanacheka. Siku hiyohiyo Mama Kijiti alikata kola ya kwanza.

Sasa mtoto ni mtoto. Mbele ya kioo cha wateja Kijiti aligundua jambo: akitoa ulimi nje, uvimbe unapanda, akiurudisha, unashuka. Akaona raha. Akawa anaifungua kola yake uani awaonyeshe wenzake lifti yake. Siku moja akamwonyesha mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni. Yule mama aliona ulimi tu. Akasema watoto wa siku hizi wanalelewa na nani. Mama Kijiti masikio yalimwaka moto, akachukua rula ya mbao ya kukatia vitambaa, akamchapa mtoto mdomoni mbele ya watu wote.

"Huo ulimi nisiuone tena nje."

Haukuonekana tena.

Hospitali walikwenda uvimbe ulipokuwa mwekundu na mtoto akawa anameza huku machozi yanamtoka. Hata hapo walikwenda kwa kificho. Wifi aliambiwa wanafuata uzi.

Daktari alikuwa kijana, akasugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa mtoto. Akauliza uvimbe umeanza lini. Mama Kijiti akasema ni juzijuzi tu. Kijiti akageuza kichwa kumtazama. Daktari akauliza habari za homa, za kukonda, za jasho la usiku, kama nyumbani kuna mtu mwenye kikohozi kisichoisha. Akapapasa chini ya taya, nyuma ya masikio, mpaka makwapani, akachungulia na meno. Huku akieleza kwamba shingo za watoto huvimba kwa mengi. Mara nyingi ni matezi yanayopigana na ugonjwa wa koo, sikio au jino, nayo hunywea yenyewe. Yakikawia ndipo wanatafuta kifua kikuu, au baya kuliko hilo. Na kuna uvimbe ambao mtoto anazaliwa na chanzo chake.

"Ndiyo maana nauliza sana tangu lini," akasema. "Haya bibie, nitolee ulimi."

Kijiti akafumba mdomo. Daktari akatoa wake kumchekesha, nesi naye akatoa wake. Kijiti akaziba mdomo kwa viganja viwili, akamwangalia mama yake, kwa macho ya mtu anayengoja rula.

"Mama, mtoto anaogopa nini?"

Kuna aibu ambayo mtu hujifunika khanga ikapita. Hii haikupata khanga ya kuitosha. Mama Kijiti alizungumza akiviangalia viatu vyake.

"Nilimchapa kwa ajili ya ulimi huo. Na si juzi, daktari. Ni tangu mwaka jana."

Akapiga goti mbele ya mwanawe, vilevile kama kila asubuhi. "Toa ulimi, mama. Nilikosa mimi."

Kijiti akautoa taratibu, kama kobe anayechungulia. Uvimbe ukapanda.

Daktari akasema hicho ndicho alichokitafuta. Ni kifuko cha majimaji, mabaki ya njia ambayo tezi ya shingo hupita ikishuka kutoka mzizi wa ulimi, mtoto akiwa bado tumboni. Hakuna aliyemletea, si wa ukoo wa baba wala wa mama. Sasa kimeingia vijidudu. Atumie dawa kwanza, apigwe ultrasaundi waone kifuko, na kama tezi yenyewe ipo mahali pake, kisha apangiwe upasuaji. Kola isimguse. Alisema yote kwa upole, na mama akatamani angegombezwa. Mtoto alikuwa amemwonyesha jibu mbele ya kioo, naye akalipiga kwa rula.

Walirudi karakana Kijiti shingo wazi. Wifi alikuwa na mteja.

"Jamani mfunikeni huyo," akatania, "wateja wasije wakadhani tunagawa uvimbe."

Vyerehani vikakanyagwa kwa nguvu. Safari hii Mama Kijiti alikuwa na jibu, tena la kukata. Lakini kabla hajalitoa aliuona mkono wa Kijiti. Ulipanda wenyewe mpaka shingoni, ukakitafuta kifungo cha juu. Vidole vilijua njia.

Neno lilikuwa la wifi, lakini mkono ule aliufundisha nani?

Akachukua mkasi mdogo, akakikata kifungo. Kikabingirika chini ya cherehani, hakuna aliyekiinamia.

"Sasa ndiyo nini, wifi? Si utani tu."

"Najua."

Chini ya sindano yake palikuwa na gauni lenye mkono mmoja. Aliliacha hapohapo, akamshika mwanawe, wakatoka. Mkono wa pili alikuja kuushona mtu mwingine.